Huu Mkono ni wa Nani?

Swali la makala hii si langu. Liliulizwa na Ami yangu, barazani kwetu Mombasa, chai ya rangi ikipoa mbele yake. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, nimekuja likizo na laptopu iliyokuwa ikipata moto kama pasi, na ndani yake mradi niliojivunia sana: mkono wa mtu, kuanzia kifuani hadi vidoleni, mifupa yake ya rangi ya maziwa, misuli yake nyuzi nyekundu. Nikibonyeza, mkono unapanda. Nikibonyeza tena, unashuka. Pembeni kuna grafu inayoonyesha kila msuli unavuta kwa nguvu kiasi gani.

Ami aliinama akautazama. Yeye ni mtu wa mizigo. Kwa miaka 22 alibeba na kupanga magunia ghalani, mpaka bega lake la kulia likakataa. Sasa mkono huo haupandi kupita usawa wa kidevu. Kofia huivaa kwa mkono wa kushoto. Nilidhani ataniuliza kompyuta imejuaje mambo haya. Badala yake akasema:

"Sasa huu mkono ni wa nani, mwanangu?"

"Si wa mtu, Ami. Ni modeli tu."

"Mkono usio wa mtu? Hapana kitu kama hicho." Akarudi kwenye chai yake.

Nilicheka, nikafunga laptopu. Mradi ule ulinipa alama nzuri. Lakini swali lilibaki, na kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona kuwa mzee alikuwa ameuliza jambo ambalo wahadhiri wangu hawakuniuliza hata siku moja.

Tuanze na kazi yenyewe, maana si haki kuhukumu chombo usichokijua.

Hebu jaribu hili hapo ulipo. Nyoosha mkono ubavuni mpaka usawa wa bega, bila kushika kitu. Mkono mzima wa mtu una takribani asilimia 5 ya uzito wake. Ukiwa na kilo 70, tayari umeinua kilo 3 na nusu. Sasa shika mtungi wa maji wa lita 5. Mtungi uko kama sentimita 60 kutoka begani, lakini misuli inayoubeba inavuta karibu sana na kiini cha mzunguko, sentimita 3 hivi. Ni kama kufungua mlango mzito kwa kuusukuma karibu na bawaba. Piga hesabu ya shule ya upili tu, utaona kuwa misuli lazima ivute kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 130 ili mtungi wa kilo 5 usianguke. Nguvu hiyo yote inapita katika kiungo ambacho kichwa cha mfupa wake ni kama chungwa lililokaa juu ya kisahani. Nyonga imechimbiwa ndani ya shimo lake. Bega halina shimo la kutegemea. Linashikwa na misuli na kano. Ndiyo maana linakwenda kila upande, na ndiyo maana linaumia upesi.

Huwezi kuingiza mzani ndani ya bega la mtu mzima wa afya na kupima nguvu hizo. Hapo ndipo modeli inapofaa. Ile niliyoitumia mimi inatokana na kazi iliyochapishwa mwaka 2005 na Katherine Holzbaur, Wendy Murray na Scott Delp, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ina namna 15 za kujisogeza, kutoka begani hadi kidole gumba na kidole cha shahada, na vipande 50 vya misuli. Unaiendesha kwa programu iitwayo OpenSim, ambayo yeyote anaipata bure, hata mwanafunzi wa Mombasa mwenye bando la wiki. Kwa programu kama hizo madaktari wanaweza kujiuliza: tukihamisha kano hii ya mtu aliyepooza tukaishika pale, je, mkono utafunguka? Wanajiuliza kwanza kwenye skrini, kabla ya kushika kisu. Hilo ni jambo la heri, na sitaki msomaji afikiri nimekuja kulitukana.

Lakini mkono ni wa nani?

Nilianza na msuli. Kila uzi mwekundu kwenye skrini unatii kanuni yenye asili yake kwa Archibald Hill, mwanafiziolojia wa London, aliyeichapisha mwaka 1938 baada ya kupima joto na mwendo wa misuli ya chura. Ndiyo, chura. Kanuni ile inaeleza jinsi msuli unavyopoteza nguvu kadiri unavyojikunja kwa kasi, na imefaa viumbe wengi, wewe na mimi tukiwemo. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa Ami lingekuwa: tabia ya msuli, ni ya chura.

Nikaenda kwenye vipimo. Urefu wa msuli, unene wake, mahali kano inaposhika mfupa: mengi ya hayo yalipimwa kwa maiti. Modeli nyingine maarufu ya bega, ile ya Delft nchini Uholanzi, iliyoelezwa na Frans van der Helm mwaka 1994, nayo ilijengwa kwa kupasua mabega ya waliokufa. Na maiti zinazofika maabara mara nyingi ni za wazee. Misuli ya mzee aliyekufa inatoa nambari ndogo, kwa hiyo watafiti huzipandisha mpaka zilingane na nguvu zilizopimwa kwa vijana walio hai. Mwaka 2007 Holzbaur na wenzake walipiga picha misuli ya mikono ya watu hai 10, wanawake 5 na wanaume 5. Hatua nzuri, lakini watu 10 wanajaa kwenye matatu moja na viti vikabaki.

Jibu la pili basi: ukubwa wa misuli ni wa mzee aliyekufa, umeazimwa nguvu za kijana.

Jibu la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 1993, jimbo la Texas lilimuua kwa sindano ya sumu Joseph Paul Jernigan, mtu wa miaka 39 aliyehukumiwa kwa kumuua mzee mmoja alipokuwa akiiba. Kabla ya kufa alikubali mwili wake utumike kwa sayansi. Mwili ukagandishwa, ukakwanguliwa tabaka kwa tabaka la milimita 1, kila tabaka likapigwa picha, na mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikazitoa picha hizo zitumiwe na wanasayansi. Baadaye Brian Garner na Marcus Pandy walijenga modeli nzima ya mkono na bega kutokana na picha hizo, wakaichapisha mwaka 2001. Hiyo si modeli niliyotumia mimi, lakini ni ndugu yake. Ukiinua mkono ule kwenye skrini, unainua mkono wa mtu aliyefungwa kamba kitandani akadungwa sindano.

Je, alikubali? Alikubali. Je, alijua anakubali nini? Alitia sahihi akiwa gerezani anasubiri kifo, na sidhani kama alijua kuwa bega lake litazunguka dunia kwa miaka mingi baada ya yeye kufa. Wala tusijifanye Texas ni mbali. Hapa kwetu kuna Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, na wanafunzi wetu wa udaktari wamejifunza sana kwa maiti ambazo hazikudaiwa na jamaa. Maiti isiyodaiwa ni ya nani? Mara nyingi si ya tajiri. Ni ya mtu aliyekuja mjini kutafuta, akakosa wa kumtafuta.

Na jibu la mwisho. Baada ya kukusanya vipimo hivyo vyote, modeli inarekebishwa ilingane na mwanamume wa wastani, yule anayesimama katikati ya foleni ukiwapanga wanaume wote kwa ukubwa. Mimi, mwanamke wa futi tano na inchi mbili, simo. Ami, mwanamume aliyebeba magunia tangu ujana, naye hayumo. Pengine hata huyo wa wastani mwenyewe hayuko popote. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyemtangaza mtu huyu wa wastani mwaka 1835, alimwona kama mfano ambao maumbile yalikuwa yakiulenga, na sisi wengine kama mishale iliyokosa shabaha. Ukiwaza hivyo, mtu halisi anakuwa kosa, na nambari inakuwa mtu.

Sasa hapa ni lazima niwe mwangalifu, kwa sababu ni rahisi mno kumalizia hapa kwa hasira. Ningesema: tazameni, mkono wa chura, mzee, mfungwa na mtu asiyekuwepo, halafu eti unataka kutufundisha kuhusu mabega yetu! Wasomaji wangepiga makofi. Lakini makofi hayo yasingekuwa ya haki.

Rafiki yangu mmoja ni daktari. Nilipomweleza haya akanikatiza: "Bila wastani nitajuaje kuwa wewe ni mgonjwa? Nikikupima presha, nakupima dhidi ya nani?" Ana hoja. Tena wastani umewalinda watu wa mizigo kuliko mashairi yalivyowalinda. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, NIOSH, ina mlinganyo wa mwaka 1991 wa kuinua mizigo. Unaanza na kilo 23, na hizo ni kwa hali bora kabisa: mzigo karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda, bila haraka. Ukiuinua mbali na mwili, nambari inashuka. Ukiuinua juu, inashuka. Ukirudia mara nyingi kwa saa, inashuka tena. Linganisha na gunia letu la mahindi la kilo 90. Ama lile gunia la viazi la "mukurino", lililoongezwa kilemba juu mpaka likapita kimo cha mtoto, ambalo lilibaki barabarani hata baada ya kanuni za mwaka 2019 kusema viazi visizidi kilo 50. Kama kila mkono ni wa pekee na haupimiki, basi mwenye ghala anaweza kumwambia yeyote: "Mwenzako anaweza, wewe ni mvivu." Nambari ya kilo 23 inamziba mdomo. Haimuulizi kuli kama ana nguvu. Inauliza mzigo una uzito gani.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye kupima. Tatizo liko mahali pengine, na Ami ndiye aliyelionja.

Bega lake lilipokataa, alipelekwa kukaguliwa ili ijulikane atalipwa nini. Sheria yetu ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007, ina jedwali la asilimia: ukipoteza kiungo hiki, asilimia kadhaa, kile, kadhaa. Nalo ni modeli, ukitaka. Mwili mzima umefanywa 100, ukagawanywa. Sina ugomvi na jedwali, maana bila hilo kila mtu angelipwa kwa ukubwa wa sauti yake. Ila bega la Ami halikukatika. Lipo, limekaa mahali pake, ngozi haina kovu. Aliyemkagua alimwambia ainue mkono, akauinua mpaka unapokataa. Akaulizwa panauma? Akasema, "Kuinua si tabu. Tabu ni kule juu, tulipokuwa tukipanga magunia." Maneno hayo hayakuandikwa. Karatasi iliyorudi ilisema kupungua kwa mwendo wa bega ni kwa kawaida kwa mtu wa umri wake, na kazi aliyoifanya haikuonekana kuwa na mzigo usio wa kawaida kwenye kiungo. Akapewa asilimia 5. Nimeiona karatasi hiyo. Ina sahihi na muhuri, na haina neno lake hata moja.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku zote nilidhani methali hii inawasema wenye roho mbaya, wanaoona mzigo wa mwingine ni mwepesi kwa sababu hawajali. Sasa naona inawahusu hata wenye kalamu na nia njema. Usufi ule unaweza kuwa nambari safi, iliyopigwa vizuri, ya mtu mwingine.

Tuingie ndani ya modeli tena, kwa sababu kuna mambo mawili inayoyachukulia ambayo ni vizuri yajulikane nje ya darasa.

La kwanza: misuli ya bega ni mingi kuliko milinganyo. Mkono huohuo, katika mkao uleule, unaweza kubebwa kwa njia nyingi sana za kugawana kazi kati ya misuli. Kompyuta haijui mwili wako umechagua njia ipi. Kwa hiyo inakisia, na mara nyingi inakisia kuwa mwili ni bahili: umechagua njia yenye matumizi madogo kuliko zote. Mara nyingi ni kweli. Mwaka 1986 mwanasayansi wa Kenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kuwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao, kwa kichwa au kwa kamba ya paji la uso, bila kuongeza nishati wanayotumia wakitembea. Dunia ilishangaa. Mimi pia nashangaa, na najivunia. Lakini kipimo kilikuwa cha oksijeni. Mwili kuwa bahili wa oksijeni si sawa na shingo kutoumia. Majibu unayopata yanategemea ulichouliza, na nyanya zetu hawakuwa wa kwanza kuulizwa wanatumia kiasi gani, kabla ya kuulizwa wanajisikiaje.

Halafu mtu mwenye maumivu si bahili. Anakaza misuli yote, ya mbele na ya nyuma, kwa woga, kama mtu anayebeba sinia la glasi. Anatumia zaidi ili aumie kidogo. Kompyuta inayoamini ubahili haimwoni mtu huyu.

La pili: kombe la bega. Tangu mwaka 1944, Verne Inman na wenzake walipoeleza mwendo wa bega, inajulikana kuwa mkono ukipanda, kombe linapanda nao. Kwa kadirio, katika kila digrii 3, 2 ni za kiungo chenyewe na 1 ni ya kombe. Katika modeli niliyotumia, kombe halina uhuru wake. Linafuata mkono kwa kanuni iliyotokana na watu wenye mabega mazima. Bega la Ami halifuati kanuni. Akijaribu kuinua mkono, kombe linakimbilia sikioni mapema, kusaidia. Nikitaka kuuweka mwendo wake kwenye modeli yangu, modeli inakataa: kwake, jambo hilo haliwezekani. Na bado mzee analifanya kila asubuhi akitafuta kofia.

Sasa niwape habari niliyoisoma nikasimama. Kule Berlin, Ujerumani, kikundi cha Georg Bergmann kiliweka ndani ya bega bandia kifaa kinachopima nguvu na kutuma vipimo nje bila waya. Wagonjwa waliohitaji bega bandia walikubali kuwa na kifaa hicho mwilini. Matokeo ya mgonjwa wa kwanza yalitoka mwaka 2007. Kwa mara ya kwanza, bega la mtu hai liliweza kusema lenyewe limebeba nini. Wataalamu wa Delft wakalinganisha. Mambo mengi yalikaribiana, lakini si yote. Mkono ulipopanda juu ya usawa wa bega, modeli ilikuwa ikisema mzigo kwenye kiungo unaanza kupungua. Kifaa kikasema hapana, unazidi kuongezeka.

Tabu ni kule juu.

Sisemi kuwa Berlin walithibitisha madai ya Ami. Wagonjwa wale walikuwa na bega bandia, yeye ana lake. Wao walikuwa hospitalini, yeye alikuwa ghalani. Ninachosema ni kwamba wataalamu wale walipopata jibu lisilolingana na hesabu zao hawakuliambia bega kuwa limekosea. Walirudi kwenye modeli kutafuta ilikokosea. Bega lilisikilizwa. Na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya maabara ile na chumba alichokaguliwa Ami. Vyumba vyote viwili vilikuwa na nambari, na wastani, na watu waliosoma. Kimoja kiliacha mkono uikosoe hesabu. Kingine kiliacha hesabu iukosoe mkono.

Ndipo nilipofika, na nadhani hapo ndipo jibu la swali la Ami lilipo. Modeli ya mkono haiwi dhuluma kwa sababu imetokana na mwingine. Kila ujuzi tulio nao umetokana na mwingine. Inakuwa dhuluma pale mwenye mkono anapokosa nafasi ya kusema "hapa umekosea," na neno lake likabadilisha kitu. Tukimwambia mtu kuwa nambari imekwisha sema, tumemweka pamoja na wale wa mle ndani: chura, mzee wa Delft, mfungwa wa Texas, yule asiyedaiwa. Wao hawawezi kujibu. Yeye anaweza, ila tumemfanya maiti kabla ya wakati.

Kwa waliokufa tuna deni la namna yake. Wanaofundisha kwa miili yao wangeweza angalau kuanza somo kwa kusema imetoka wapi, na kama mwenyewe aliridhia. Mimi nilifundishwa miaka minne bila kuambiwa kuwa nyuzi zile nyekundu zilikuwa na historia. Hakuna aliyenificha, hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kusema. Kwa walio hai deni ni rahisi kulitaja na gumu kulilipa: waulizwe, na wanachosema kiandikwe kwenye karatasi ileile yenye asilimia.

Rafiki yangu daktari atasema watu hudanganya ili walipwe. Wapo. Lakini hata nambari hupigwa na watu, na mwenye ghala pia ana faida katika jibu fulani. Kama tunaruhusu wastani utoe ushahidi, hali hauwezi kuulizwa maswali, kwa nini tumnyamazishe shahidi pekee aliyekuwepo?

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani. Siku hizi zipo programu zinazoweza kusoma mwendo wa mtu kutokana na video za simu, na nilitaka kujaribu kuirekebisha modeli yangu ya zamani ifuate bega lisilofuata kanuni. Nilimweleza Ami kila kitu: chura, maiti, Texas. Nikamwambia asipotaka, basi. Alisikiliza, akauliza, "Na mimi n'tapata nini?"

Nikamwambia ukweli. Pengine hakuna. Karatasi ile ya asilimia 5 haitabadilika.

"Na wale wa mle ndani, walipata nini?"

"Hawakupata kitu, Ami."

Alinyamaza kidogo. Kisha akavua shati, akasimama penye mwanga, akainua mkono wa kulia polepole. Kombe likakimbia juu. Mkono ukafika usawa wa kidevu, ukasimama. Nilikuwa na daftari. Nikaandika: hapa panauma.

"Umeandika nini hapo?" akauliza, mkono bado uko juu unatetemeka. Nikamsomea.

"Siyo," akasema. "Hapa hapaumi, hapa panakataa tu. Kuuma ni usiku, nikiulalia. Andika vizuri."

Nikafuta, nikaandika upya.